Dume Husifiwa, Jike Hulea: Mila za Ufugaji Mbele ya Tumbo la Farasi

Katika ufugaji wa farasi, sifa huenda kwa dume. Yeye ndiye hununuliwa kwa bei ya kutisha, ndiye hupigwa picha, na mtoto akishinda mbio watu huuliza kwanza baba yake ni nani. Jike hutajwa baadaye, kama hutajwa. Hata wafugaji wetu wa ng'ombe na punda utawasikia wakisema kwamba dume ni mbegu na jike ni shamba, na wakishasema hivyo huona wamemaliza. Shamba lenyewe halina neno: hupokea kilichopandwa, likakirudisha kimekomaa.

Kauli hiyo imetugharimu, na makala haya yanaipinga kwa kulinganisha mila nne. Ya kwanza ni ya vitabu vya nasaba vya Waingereza, iliyofika Njoro na Naivasha pamoja na walowezi. Ya pili ni ya Mabedui wa Arabuni. Ya tatu ni ya wafugaji wa Bonde la Ufa wenyewe, hasa Wanandi na Wamaasai. Ya nne, changa kuliko zote, ni ya maabara. Hoja yangu ni kwamba mila mbili zisizokuwa na hadubini ziliukaribia ukweli kuliko ile iliyokuwa na vitabu na fedha, na kwamba elimu ya homoni na jeni imekuja kuwaunga mkono waliomhesabu mama. Wala jambo hili si la wenye farasi wa mbio peke yao. Linawagusa pia punda wanaovuta mikokoteni ya maji Karagita na Kihoto, kando ya Ziwa Naivasha.

Tuanzie Njoro. Hapo ndipo Charles Clutterbuck alipoweka shamba na mazizi ya farasi mwanzoni mwa karne ya 20, jirani na mlowezi mwenzake Lord Delamere, na hapo ndipo alipokulia binti yake Beryl, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1902. Beryl Markham, kama alivyokuja kujulikana, alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa bado msichana, na mwaka 1936 akavuka Bahari ya Atlantiki kwa ndege, peke yake, kutoka mashariki kwenda magharibi. Kitabu chake cha kumbukumbu, West with the Night, kilitoka mwaka 1942. Ndani yake zimo sura mbili za farasi ambazo zinafaa kusomwa kwa pamoja. Moja inamhusu Camciscan, dume wa ukoo bora aliyeletwa kutoka ng'ambo. Humo dume huyo ni mwana wa kifalme aliye uhamishoni: ana nasaba, ana kiburi, ana matakwa yake. Nyingine inamhusu Coquette, jike mwenye mimba, ambaye binti huyo alikabidhiwa amtunze mpaka azae. Fahari hakuna hapo. Kuna siku nyingi za kumwangalia mnyama mmoja, kuna usiku wa kukesha zizini pamoja na mtumishi aitwaye Otieno, na mwishowe kuna mtoto, Pegasus, ambaye Beryl alipewa na baba yake awe wake.

Sura hizo zinaonyesha namna mbili za kujua. Habari za dume zinatokana na jina na ukoo, na mtu anaweza kuzipata hata kabla mnyama hajashuka kwenye behewa. Habari za jike hupatikana kwa kukaa naye: anakulaje, chuchu zimejaa lini, amelala upande gani. Ujuzi wa kwanza uliandikwa, ukachapishwa na kuuzwa. Wa pili ulibaki kwa wale wanaolala karibu na zizi, nao aghalabu walikuwa vijana, wanawake na wafanyakazi Waafrika ambao hakuna aliyewaomba waandike.

Kitabu kilichoipa mila ya Kiingereza nguvu yake ni General Stud Book, ambacho familia ya Weatherby ilianza kukitoa mwaka 1791. Kila farasi wa mbio wa asili hiyo duniani leo, akifuatwa baba kwa baba, huishia kwa mmoja kati ya madume watatu: Byerley Turk, Darley Arabian au Godolphin Arabian. Watu wengi wa mbio hawana wanalojua zaidi ya majina hayo matatu. Lakini ukikifungua kitabu chenyewe utakuta kimepangwa kwa majike. Chini ya jina la kila jike huorodheshwa watoto aliowazaa mwaka baada ya mwaka, na madume waliompanda. Ushahidi wa mama ulikuwa mikononi mwa kila mfugaji kwa miaka mia moja, na bado mazungumzo yakabaki ya baba. Mwaustralia Bruce Lowe ndiye aliyekaa akafuata koo za mama za washindi wa mbio kubwa za Uingereza na kuzipa namba, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1895, yeye akiwa amekwisha kufa. Namba zake zilipangwa kwa wingi wa ushindi, jambo ambalo halithibitishi nguvu ya damu yoyote. Hata hivyo swali lake lilikuwa la haki. Mwaka 2002 watafiti wa Dublin walizipima koo hizo kwa DNA ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake, wakakuta baadhi ya koo ziko sawa na nyingine zimeandikwa kimakosa tangu zamani.

Walowezi walikuja Bonde la Ufa na mila hiyo. Winston Churchill alipopita Naivasha mwaka 1907 alilikuta shamba la serikali la mifugo, akalieleza katika kitabu cha safari yake kilichotoka mwaka uliofuata: kondoo wa kienyeji upande mmoja, chotara wa nusu upande mwingine, kisha wa robo tatu, kila kizazi kikisogea karibu zaidi na dume wa Kiingereza. Mpango huo ulikuwa na faida yake, kwani sufu iliongezeka. Lakini hesabu yote ilifanywa kwa upande wa baba. Kondoo jike wa kienyeji, aliyeyazoea magonjwa na ukame wa bonde hili kwa vizazi vingi, aliingia katika mpango kama kitu cha kuanzia, ambacho kila kizazi kilikusudia kukifuta.

Mila hiyohiyo ilikuwa na hofu moja ya ajabu. Mwaka 1821 Jumuiya ya Kifalme ya London ilichapisha barua ya Lord Morton. Alikuwa na farasi jike aliyepandwa na kwaga, yule punda milia wa Afrika Kusini aliyekuja kutoweka. Baadaye jike huyo alipandwa na farasi wa Kiarabu, na watoto wakazaliwa na michirizi miguuni. Ikaaminiwa kwamba dume wa kwanza huacha alama katika tumbo la mama, nayo huwafikia watoto wa madume wengine. Hata Charles Darwin aliikubali habari hiyo. Ilibidi James Cossar Ewart, profesa wa Edinburgh, anunue punda milia dume aitwaye Matopo, ampandishe kwa farasi majike huko Penicuik, kisha awapandishe majike hao kwa farasi dume na kuwachunguza watoto. Alipochapisha matokeo yake mwaka 1899, alama ya Matopo haikuonekana kwa watoto wa baadaye. Michirizi miguuni hutokea kwa farasi wa kawaida wasiowahi kumwona punda milia maishani.

Ziweke imani hizo mbili pamoja, ile ya tumbo lisilo na neno na ile ya tumbo linaloweka alama. Zinaonekana kupingana, ila zina mzizi mmoja. Katika zote mbili mama hafanyi lolote. Ama hupitisha kazi ya dume bila kuigusa, ama huchafuliwa nayo. Kwamba mama mwenyewe anaweza kuwa mtendaji katika kumuumba mtoto halikuwa wazo lililopata nafasi.

Kwa Mabedui hali ilikuwa nyingine. Koo zao mashuhuri za farasi, Kuhaylan, Saqlawi, Abayyan, Hamdani na Hadban, hupita kwa mama. Mtoto wa jike Kuhaylan ni Kuhaylan, hata baba akiwa wa ukoo mwingine. Majike ndio waliotumiwa vitani na kwenye uvamizi, ndio waliokataliwa kuuzwa, na mtu aliyeuza jike mara nyingi alijiwekea haki juu ya watoto wake. Abbas Pasha, aliyeitawala Misri kuanzia 1848 hadi 1854, alipotaka kujua asili ya farasi wa Arabuni, wajumbe wake walikwenda kwa makabila kuandika ushuhuda wa wenye majike, nani alimzaa nani, na nani aliyashuhudia. Lady Anne Blunt na mumewe Wilfrid walipoanzisha zizi la Crabbet huko Uingereza mwaka 1878 walifuata utaratibu huo, wakatafuta kwanza mama aliyejulikana.

Sasa turudi Bonde la Ufa. Wanandi, na jamii nyingine nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki, walikuwa na desturi ambayo wanaanthropolojia wameiandika mara nyingi, akiwemo Regina Oboler katika utafiti wake wa Wanandi uliochapishwa mwaka 1985. Mifugo ya mume hugawanywa kwa nyumba za wake zake. Ng'ombe jike akishapewa nyumba fulani, yeye na uzao wake ni wa nyumba hiyo, na wana wa mama huyo ndio watakaowarithi na kuoa kwa mahari yao. Kwa hiyo mzee wa Kinandi anapomtazama ndama hana budi kujua ni mtoto wa ng'ombe yupi, naye ng'ombe huyo ni mtoto wa yupi, mpaka afike kwa yule aliyeingia nyumbani siku fulani. Dume anaweza kuwa wa jirani. Mama hawezi kusahaulika, kwani kumsahau ni kuzua kesi.

Kwa Wamaasai kuna jambo linalohusu punda moja kwa moja. Punda yuko mikononi mwa wanawake. Wao ndio humfunga mizigo boma linapohama, wao ndio huenda naye mtoni, wao ndio hujua kwamba huyu ana mimba na yule ameharibu mimba mwaka jana. Ni ujuzi wa karibu, wa kila siku, wa aina ileile ambayo Beryl Markham aliipata kwa Coquette, nao pia haukuandikwa.

Mabedui na Wanandi hawakuafikiana, wala sababu zao si moja. Bedui alimhesabu mama kwa ajili ya asili, apate kusema farasi wake ni safi. Mnandi alimhesabu kwa ajili ya haki, nyumba isije ikadhulumiwa. Hakuna kati yao aliyedai kujua yanayotendeka ndani ya tumbo la uzazi. Lakini mtu anayemhesabu mama humtazama, na anayemtazama huona kwamba jike fulani huzaa watoto wenye nguvu kwa dume yeyote, na mwingine huzaa dhaifu hata apandwe na dume gani. Waswahili waliposema mwana hutazama kisogo cha nina, walikuwa wameona.

Kipimo cha kwanza kikubwa cha maabara kilikuja mwaka 1938. Arthur Walton na John Hammond wa Cambridge waliwachukua farasi wa aina mbili zilizoachana sana kwa ukubwa, Shire, yule mkubwa wa kuvuta mizigo, na Shetland, yule mdogo anayemfikia mtu kiunoni. Kwa njia ya uhamilishaji waliwachanganya pande zote mbili: mama Shire na baba Shetland, kisha mama Shetland na baba Shire. Urithi wa watoto hao ulikuwa nusu kwa nusu katika pande zote. Lakini waliozaliwa na mama Shire walikuwa na uzito wa karibu mara tatu ya wale wa mama Shetland. Mama mdogo hakuzidiwa na mtoto wa baba mkubwa. Tumbo lake liliukadiria ukuaji wa mtoto, likauzuia.

Sababu yake iko kwenye kondo. Kondo la nyuma la farasi hushikana na karibu ukuta wote wa tumbo la uzazi, kwa vishikizo vidogo visivyohesabika, tofauti na la ng'ombe lenye vifungu vichache vya kushikia. Mtoto wa farasi hula kwa kadiri ya ukuta alioupata. Ndiyo maana pacha wa farasi mara nyingi hufa kabla ya kuzaliwa: wamegawana ukuta uliomtosha mmoja.

Ukuta huo ndio wanaouchunguza watafiti wa leo, na hapa ndipo homoni na jeni zinapokutana. Farasi ana jeni zipatazo 20,000. Jenomu yake ya kwanza kamili, iliyochapishwa mwaka 2009, ilisomwa kutoka kwa jike wa Chuo Kikuu cha Cornell aitwaye Twilight. Kila seli ya tumbo la uzazi imebeba jeni zote hizo, zilezile zilizo kwenye sikio au kwato. Kinachotofautiana ni zipi zinafanya kazi, na kwa nguvu gani. Homoni za uzazi ndizo zinazoamua sehemu kubwa ya jambo hilo. Estrojeni na projesteroni huingia ndani ya seli, hukamatana na vipokezi vyake, na vipokezi hivyo hushika DNA mahali maalumu na kuziamuru jeni zilizo karibu zianze kunakiliwa au ziache. Kutokana na nakala hizo seli hutengeneza protini.

Jike akiwa kwenye joto, kwa siku tano hadi saba hivi, estrojeni ndiyo yenye amri. Kuta za tumbo huvimba kwa maji, mlango hulegea, seli huongeza vipokezi vya homoni zote mbili, na jeni za ulinzi huchangamka, kwa kuwa mbegu za dume huingia pamoja na vijidudu. Yai likishatoka, kijitezi cha manjano kwenye ovari huanza kumwaga projesteroni, na amri hubadilika. Mlango hufungwa. Seli za juu za ukuta hupunguza vipokezi vya projesteroni yenyewe, na tezi za ndani huanza kazi ya kulisha. Hutengeneza utero-kalini, protini inayobeba mafuta na vitamini A, na utero-ferini, inayobeba madini ya chuma. Haya hufanyika hata kama jike hana mimba. Tumbo huandaa chakula kwanza, mgeni akaja baadaye.

Mgeni naye hakai kimya. Yai lisilorutubishwa la farasi hubaki kwenye mrija, ila kiinitete hutoa prostaglandini ya kulegeza mrija kikaingia tumboni mnamo siku ya 6. Kimevikwa ganda gumu, kinazunguka tumbo zima, pembe hii hadi pembe ile, mara nyingi kwa siku, mpaka siku ya 16 hivi. Oliver Ginther wa Wisconsin alikifuata kwa mashine ya mawimbi ya sauti katika miaka ya 1980, na watafiti wengine wakaonyesha kwamba kikizuiwa kisitembee, mimba huwa hatarini. Sababu ni kwamba mnamo siku ya 14 ukuta wa tumbo uko tayari kutoa prostaglandini nyingine, ya kuua kijitezi cha manjano na kumrudisha jike kwenye joto. Kiinitete hakina budi kuufikia ukuta wote na kuufanya ulegeze nguvu jeni zinazotengeneza kemikali hiyo. Kwa ng'ombe, ujumbe wa namna hiyo unajulikana kwa jina. Kwa farasi, sayansi bado inautafuta.

Kuna jambo lingine linaloondoa kabisa picha ya shamba na mbegu. Kati ya siku ya 36 na ya 38, seli za mtoto hung'oka kwenye utando wake na kuingia ndani ya ukuta wa mama, zikajenga vikombe vidogo vinavyotoa homoni yao wenyewe mpaka mnamo siku ya 120. Homoni hiyo iligunduliwa na Cole na Hart wa California mwaka 1930, na ikadhaniwa ni ya mama, mpaka W. R. Allen wa Cambridge alipoonyesha kwamba vikombe ni vya mtoto. Sasa tazama baghala. Farasi jike aliyebeba mimba ya punda dume hupata homoni hiyo kwa kiasi kidogo mno, na punda jike aliyebeba mimba ya farasi dume huipata kwa wingi mkubwa. Mwaka 2013 watafiti wa Cornell walilinganisha kondo za chotara wa pande hizo mbili na kukuta jeni nyingi ambazo nakala yake hufanya kazi ikitoka kwa baba tu, na nyingine ikitoka kwa mama tu.

Kwa hiyo maabara haisemi kwamba mama ni yote. Baba ana amri yake, tena kwenye kondo amri hiyo ina nguvu. Inachosema ni kwamba amri za wote wawili hukutana mwilini mwa mama, chini ya homoni zake, kwa chakula chake, katika nafasi aliyo nayo, na mtoto ni matokeo ya mapatano hayo. Mila ya Kiingereza ilisikia upande mmoja wa shauri. Mabedui na Wanandi, kwa njia zao, waliuita upande wa pili uje barazani.

Tofauti ya mahali nayo ina neno. Huko Newmarket, farasi jike huacha kupata joto wakati wa baridi kwa sababu mchana ni mfupi, na kwa kuwa kila mtoto wa mbio huko huhesabiwa kuwa amezaliwa Januari 1, wafugaji huwawashia majike taa saa 16 kwa siku kuanzia Desemba ili waanze mapema. Nakuru iko karibu mno na ikweta. Mchana wake haubadiliki ila kwa dakika chache mwaka mzima. Mwanga hautoi amri hapa. Kinachobadilika ni mvua, majani, na mzigo anaoubeba mnyama. Anayetaka kuzisaidia homoni za jike wa Bonde la Ufa aangalie hori na mgongo wake kabla ya kununua taa.

Hapo ndipo tunapofika kwa punda wa Naivasha. Pita barabara ya kusini mwa ziwa asubuhi na utawakuta wamefungwa mkokoteni, mitungi ya lita 20 imepangwa safu mbili, na katika kundi yumo jike ambaye tumbo lake limeshuka na mbavu zake zinahesabika. Punda hubeba mimba kwa mwaka mzima na siku zaidi, huzaa mmoja, na mtoto wake hawezi kuzaa mpaka afikie miaka mitatu au minne. Jike aliyedhoofika hupitisha miezi bila kupata joto, na akishika mimba huenda isifike. Hivyo punda jike mmoja anayepotea haligharimu kundi mnyama mmoja tu; huchukua na miaka mingi ya uzao.

Mwaka 2016 kichinjio cha punda kilifunguliwa Naivasha na kingine Mogotio, Baringo, kwa soko la ngozi la China. Ngozi huchemshwa kuwa ejiao, dawa ya tangu kale ya mkoa wa Shandong, inayosifiwa kwa kujenga damu ya mwanamke, kuzuia kutokwa na damu na kutuliza mimba. Ni mila yenye heshima kwao, na dunia ya Magharibi nayo ina inayofanana nayo: Premarin, dawa ya wanawake waliokoma hedhi, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1940, hutolewa katika mkojo wa farasi wenye mimba. Pande zote mbili zimemtafutia mwanamke msaada kwa wanyama wa jamii ya farasi. Tofauti ni kwamba kwa ejiao mnyama hufa, na mnunuzi wa ngozi haulizi kama punda aliyeletwa ana mimba. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo nchini, KALRO, lilikadiria kwamba zaidi ya punda 300,000 walichinjwa kati ya 2016 na 2018, karibu asilimia 15 ya wote. Walikuwa wakichinjwa kwa asilimia 5 hivi kwa mwaka, ilhali wanaongezeka kwa asilimia 1 tu. Sensa ya 2009 ilikuwa imewakuta milioni 1.8, ya 2019 iliwakuta takriban milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku Februari 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo Mei 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara hiyo barani kote kwa miaka 15.

Sheria hizo ni njema, lakini zinamhesabu punda kama kichwa kimoja kati ya vichwa. Hazijamhesabu jike kama jike. Kwa mizani ya mila nilizozilinganisha, kosa hilo ni lilelile la walowezi wa Naivasha, la kuchukulia kwamba mama yupo tu na atakuwapo daima.

Uamuzi wangu ni huu. Mila ya Kiingereza inastahili sifa kwa kuandika, na lawama kwa kusoma upande mmoja. Mabedui na Wanandi wanastahili sifa kwa kumweka mama katikati ya hesabu. Wanawake wa Kimaasai wanastahili kuitwa wataalamu, maana wanachokijua kuhusu punda wenye mimba hakimo katika kitabu chochote. Maabara imetupa sababu, nayo inahitaji kutoka Cambridge na Cornell ikafika kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro, wanaoweza kwenda Karagita kwa matatu na kurudi siku hiyohiyo.

Nawe mwenye punda, anza leo na daftari la shilingi hamsini. Andika jina la kila jike, siku aliyopandwa, siku aliyozaa, na mama yake ni nani. Mpumzishe na mkokoteni miezi mitatu ya mwisho wa mimba, mwongezee majani na chumvi, na dalali akija kumtaka, umwambie kwamba jike mwenye mimba hauzwi.